Jibu kwa Mama Ibra wa Tabata: usonji wa mtoto wangu ulianzia wapi?

Swali lililoletwa, kwa kifupi (jina la mtoto nimelibadilisha):

"Shikamoo dokta. Mwanangu Ibra ana miaka minne na miezi miwili. Haongei, ukimwita hageuki, kutwa anapanga vizibo vya soda mstari mmoja. Mwezi uliopita hospitalini wameniambia ana usonji. Alikuwa ameanza kusema 'baba' na 'maji', alipofika mwaka na nusu maneno yakakatika, na ni wiki chache tu baada ya chanjo. Mama mkwe anasema ni jini la upande wa kwetu. Wifi anasema ni Panadol nilizomeza nilipougua malaria nikiwa na mimba ya miezi mitano. Jirani anasema ni katuni za kwenye simu. Mume wangu hasemi kitu, ila juzi aliniuliza kama kwetu kuna mtu wa hivi. Tunataka mtoto mwingine lakini naogopa. Wiki ijayo ndugu wanakaa kikao. Wataalamu wamegundua nini hasa? Kama ni mimi niambie tu, nitavumilia."

Marahaba, Mama Ibra. Naanza na neno lako la mwisho, maana najua ndilo linalokunyima usingizi. Si wewe. Sisemi hivyo ili kukupoza. Nasema hivyo kwa sababu tuhuma hiyo hiyo, kwamba mama ndiye aliyemharibu mtoto, imewahi kuwa ndiyo elimu rasmi ya madaktari wakubwa wa Ulaya na Marekani kwa zaidi ya miaka 20, ikapimwa, ikaanguka.

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 waliopenda kukaa peke yao, waliotaka kila kitu kibaki mahali pake, na wengine wao hawakuongea. Yeye mwenyewe aliandika kwamba hali hiyo, ndiyo tunayoiita usonji, inaonekana wamezaliwa nayo. Lakini aliongeza kwamba wazazi wao wengi walikuwa wasomi, watu wasioonyesha mapenzi waziwazi, na maneno hayo ndiyo yaliyookotwa. Likazuka jina la "mama friji", yaani mama aliye baridi hata mtoto akajifungia ndani ya nafsi yake kwa kukosa joto. Bruno Bettelheim wa Chicago aliisambaza nadharia hiyo sana miaka ya 1960, na tiba yake ilikuwa kumtenga mtoto na wazazi wake. Fikiria mama anaambiwa mwanawe yuko hivyo kwa sababu hakumpenda vya kutosha, halafu hata mtoto mwenyewe ananyang'anywa.

Aliyeanza kuibomoa nadharia hiyo alikuwa mzazi. Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa jeshi la majini la Marekani, alikuwa na mtoto mwenye usonji na alijua mke wake si friji. Mwaka 1964 alichapa hoja zake kwamba chanzo kimo katika ubongo, si katika malezi. Kisha mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter wa London wakafanya jambo jepesi kulieleza na gumu kulitenda: walitafuta Uingereza nzima mapacha ambao angalau mmoja ana usonji. Wakapata jozi 21. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana kabisa, ambao vinasaba vyao, yaani maelekezo ya kuujenga mwili tunayorithi kwa wazazi, ni vilevile, jozi 4 zilikuwa na usonji wote wawili. Katika jozi 10 za mapacha wasiofanana hakukuwa na hata moja. Mapacha wa kila jozi walilelewa nyumba moja, na mama yuleyule. Kama baridi la mama ndilo chanzo, tofauti hiyo ingetoka wapi?

Hesabu zimekua sana tangu hapo. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa watoto zaidi ya milioni 2 wa Denmark, Sweden, Finland, Israeli na Australia Magharibi, na ulionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya tofauti kati ya watu katika jambo hili inaelezwa na vinasaba. Namba hiyo husomwa vibaya, kwa hiyo ngoja niifafanue. Haina maana kwamba asilimia 80 ya usonji wa Ibra imetoka kwenu na 20 imetoka kwenye chanjo au Panadol. Ni kipimo cha umati, si cha mtoto mmoja. Ukichukua watu wengi ukauliza kwa nini huyu ana usonji na yule hana, sehemu kubwa ya jibu imo katika vinasaba, na iliyobaki imo katika mambo ya tumboni, ya uzazi, na bahati ya jinsi seli za ubongo zinavyojipanga.

Sasa, vinasaba vinafanyaje kazi hiyo? Wewe wa Tabata unalijua Jangwani masika yakikolea. Barabara inafungwa, mabasi ya mwendokasi yanasimama. Ukiuliza maji haya yametoka wapi, hakuna atakayekuonyesha bomba. Yametoka milima ya Pugu, yametoka Ubungo, yametoka Sinza. Kila kijito kimeleta chake, na kijito kimoja peke yake kisingemlowesha mtu kifundo cha mguu. Kwa watoto wengi usonji uko hivyo: tofauti ndogo ndogo za vinasaba, nyingi mno, ambazo mimi ninazo na wewe unazo na dereva wa daladala anazo. Baadhi yake zimehusishwa hata na kufanya vizuri shuleni. Zikikutana nyingi kwa mtoto mmoja, ubongo unajengwa kwa ramani nyingine.

Kwa watoto wachache, kweli ni bomba lililopasuka. Jeni moja, yaani kipande kimoja cha vinasaba chenye kazi yake, imebadilika na badiliko hilo peke yake linatosha. Mwaka 2020 timu kubwa ya kimataifa iliyochambua vinasaba vya watu zaidi ya 35,000 ilitaja jeni 102 za namna hiyo. Moja inaitwa SHANK3: inatengeneza protini inayoshikilia mahali ambapo seli mbili za neva zinapeana taarifa, kama fundi anayeshikilia kiungo cha nyaya. Nyingine, CHD8, inasimamia ni jeni zipi nyingine ziwashwe na zipi zizimwe wakati ubongo unajengwa. Ukitazama jeni hizi nyingi hufanya kazi wakati gani, unakuta zimeshamiri mimba ikiwa katikati, mtoto akiwa bado tumboni.

Hapa ndipo swali la mume wako linapopata jibu, na naomba umsomee sehemu hii. Kila mtoto anapotungwa, herufi kama bilioni 3 za vinasaba zinanakiliwa, na katika kunakili huko hutokea makosa mapya 60 hadi 70 ambayo hayapo kwa baba wala kwa mama. Wewe una yako, mimi nina yangu. Mengi hayana athari yoyote. Mara chache moja huangukia kwenye jeni kama SHANK3. Kwa mtoto wa namna hiyo unaweza kuupekua ukoo wa baba na wa mama mpaka kizazi cha saba usimkute mtu wa hivi, kwa sababu badiliko limezaliwa na mtoto mwenyewe. Watafiti wa Iceland walionyesha mwaka 2012 kwamba makosa haya huongezeka kwa takriban mawili kwa kila mwaka wa umri wa baba. Nalitaja hilo si ili wewe sasa umgeuzie kibao mumeo. Mabaraza ya ukoo hupenda kumtafuta mwenye kosa, na biolojia haitoi mwenye kosa. Na pale ambapo ni vijito vingi, vimetoka pande zote mbili: kwenu na kwao.

Kuhusu wakati usonji unapoanza, ushahidi ninaourudia sana ni wa dawa iliyoitwa thalidomaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wajawazito walipewa kwa kichefuchefu na watoto wakazaliwa na mikono na miguu mifupi. Mwaka 1994 watafiti wa Sweden walipowachunguza waathirika hao wakiwa watu wazima waligundua wachache kati yao wana usonji, idadi kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Kwa kuwa viungo vilivyoathirika vinaonyesha dawa ilimezwa siku gani, waliweza kuhesabu: ilikuwa kati ya siku ya 20 na ya 24 baada ya mimba kutungwa. Mama, siku ya 20 wanawake wengi hawajui hata kama ni wajawazito. Mimi niliposoma hilo mara ya kwanza niliwafikiria akina mama wote waliokaa mbele yangu wakihesabu kwa vidole kila walichokula mwezi wa saba.

Twende kwenye chanjo, maana umeandika kwamba maneno yalikatika wiki chache baada yake, na sitaki kukujibu kama vile hukuona ulichokiona. Uliona. Pengine theluthi moja ya watoto wenye usonji hupoteza maneno waliyokuwa nayo, na mara nyingi ni kati ya mwaka na robo na miaka miwili. Ratiba yetu ya surua-rubella ni miezi 9 na miezi 18. Mambo mawili yakipita kwenye mlango mmoja wakati mmoja, macho huona moja limemsukuma mwenzake. Ndiyo maana watafiti walirudi nyuma kutazama. Mwaka 1994 kule Seattle walichukua mikanda ya video ya sherehe za mwaka mmoja wa kuzaliwa, watoto 11 ambao baadaye walitambuliwa kuwa na usonji na 11 wasio nao. Kwenye mikanda hiyo tofauti ilikuwa tayari inaonekana: nani anatazama nyuso za watu, nani anageuka akiitwa, nani ananyoosha kidole kuonyesha kitu. Mwaka 2013 wengine wakapima macho ya watoto wachanga kwa mashine, wakakuta kwamba kwa wale waliokuja kuwa na usonji, kutazama macho ya mtu kulianza kupungua kati ya miezi 2 na 6. Chanjo ya surua hapo bado.

Na hofu yenyewe ilitoka wapi? Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield wa London aliandika habari za watoto 12 na kudai uhusiano wa chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella na usonji. Mwandishi wa habari Brian Deer alipochimba alikuta taarifa za watoto zimepotoshwa, na kwamba daktari alikuwa akilipwa na wanasheria waliotaka kuwashtaki watengeneza chanjo. Mwaka 2010 jarida liliifuta makala hiyo na yeye akafutwa kwenye daftari la madaktari Uingereza. Baadaye Denmark wakafuatilia watoto 657,461 na mwaka 2019 wakatoa matokeo: waliochanjwa na wasiochanjwa hawakutofautiana kwa usonji. Wajapani waliiacha chanjo hiyo ya mchanganyiko mwaka 1993, na idadi ya watoto wenye usonji Yokohama iliendelea kupanda vilevile. Waswahili husema lisemwalo lipo. Hili limesemwa sana, limetafutwa sana, na halipo.

Kuna jambo ndani ya hadithi hii ambalo watu hawalisikii, na linaniuma. Rubella yenyewe, ugonjwa wenyewe, ni moja ya sababu za usonji tunazozijua kwa hakika. Baada ya mlipuko wa rubella wa mwaka 1964 Marekani, daktari Stella Chess aliwafuatilia watoto 243 walioupata ugonjwa tumboni mwa mama zao, na usonji kati yao ulikuwa mwingi kupita kawaida. Wengine walikuwa viziwi, wengine na mtoto wa jicho, wengine na tundu kwenye moyo. Tanzania tuliiingiza rubella kwenye chanjo mwaka 2014. Yaani sindano wanayoiogopa mtaani kwako ndiyo inayomkinga msichana wa leo asije kumzaa mtoto mwenye usonji wa aina hiyo kesho. Ukimpata mdogo wa Ibra, mpeleke miezi 9 na miezi 18 bila kusita.

Panadol. Tarehe 22 Septemba 2025 rais wa Marekani alitangaza hadharani kwamba wajawazito waache parasetamo, ndiyo hiyo Panadol, kwa sababu ya usonji, na siku iliyofuata simu za Dar es Salaam zilijaa ujumbe huo. Nadhani wifi yako aliupata hapo. Zipo tafiti zilizoona uhusiano mdogo, sitakuficha. Lakini mwanamke anayemeza parasetamo anaimeza kwa sababu: ana homa, ana maumivu, ana kipandauso, na hayo yenyewe, pamoja na vinasaba vinavyoambatana nayo, yanaweza kuwa ndiyo yanayoonekana. Wasweden walilitatua kwa akili. Mwaka 2024 walitoa matokeo ya watoto karibu milioni 2.5, na wakalinganisha ndugu wa tumbo moja: mimba hii mama alimeza, mimba ile hakumeza. Walipofanya hivyo, uhusiano ukatoweka. Shirika la Afya Duniani nalo lilisema wiki hiyohiyo ya tangazo kwamba hakuna ushahidi wa kuthibitisha madai hayo. Wewe ulikuwa na malaria. Malaria kwa mjamzito hula damu, huzaa watoto njiti, huua. Ulitibiwa, ukashusha homa, ukamwokoa Ibra. Ukiugua tena ukiwa na mimba, nenda kapime, meza dawa utakayoandikiwa, na homa ishushe.

Dawa ambayo kweli inajulikana ni nyingine, na nataka wasomaji wote waisikie: valproeti, dawa ya kifafa ambayo pia hupewa baadhi ya wagonjwa wa akili. Denmark mwaka 2013 walikuta usonji kwa asilimia 4.42 ya watoto waliopatwa na dawa hiyo tumboni, dhidi ya asilimia 1.53 kwa watoto wengine. Mwanamke anayeitumia asiiache ghafla, kifafa kikimkamata akiwa na mimba ni hatari kwake na kwa mtoto. Aende kwa daktari wake kabla ya kushika mimba ili abadilishiwe. Zaidi ya hapo, yapo mambo yanayoongeza uwezekano kidogo kidogo: kuzaliwa njiti, kisukari cha mama, maambukizi makali wakati wa mimba, umri mkubwa wa wazazi. Yanaongeza, hayaamui. Wengi waliopitia hayo wana watoto wasio na usonji.

Hukuniambia kama Ibra amewahi kupata degedege kali. Nauliza kwa sababu hapa ndipo utafiti wa kwetu una neno lake. Mwaka 2006 ulichapishwa uchunguzi wa kundi dogo la watoto wa Tanzania wenye usonji, na baadhi yao walikuwa wanakua vizuri hadi walipougua malaria kali. Dalili zilianza walipopona. Kundi dogo halithibitishi, na malaria ya ubongo inaweza kuharibu lugha na tabia kwa namna inayofanana na usonji bila kuwa usonji wenyewe. Lakini tafiti zinazotoka Denmark haziwezi kulijibu swali hilo, kwa sababu Denmark hakuna malaria. Ni sisi wa kulijibu. Vivyo hivyo kwenye vinasaba: sehemu kubwa ya vilivyochambuliwa duniani ni vya watu wenye asili ya Ulaya, wakati Afrika ndiko kwenye tofauti nyingi za vinasaba kuliko bara lolote. Inanitia moyo kwamba Kilifi, hapo Kenya, na Cape Town kuna mradi uitwao NeuroDev unaokusanya vinasaba vya watoto wa Kiafrika wenye usonji na changamoto nyingine za ukuaji. Ningependa siku moja kuona damu ya mtoto wa Tabata ikihesabika kwenye majibu hayo.

Katuni za simu hazisababishi usonji. Zinakula muda wa kuongea na mtoto, kwa hiyo zipunguze, basi.

Jini nalo. Wewe si wa kwanza. Mwaka 2015 watafiti wa Kilifi waliwauliza wazazi na watoa huduma wa pwani ya Kenya wanadhani usonji unatoka wapi, na pepo wabaya, uchawi na laana vilitajwa sambamba na maambukizi na uzazi mgumu. Mama mkwe wako anasema ambacho pwani nzima inasema, na sidhani anakuchukia. Anatafuta maelezo ya mjukuu anayempenda. Mimi sina kipimo cha jini na dini ya mtu siigusi. Dua endeleeni nayo. Ninachokiogopa ni kinachofuata baada ya sababu kutajwa, maana kila sababu ya uongo ina dawa yake inayouzwa. Ukiambiwa ni jini, utaambiwa afukizwe moshi mpaka akohoe, afungwe, achapwe. Ukiambiwa ni ulimi, atakatwa udata au kimeo kwa wembe, na atatoka damu na bado hataongea, kwa sababu kuongea kwa Ibra hakujakwama kwenye ulimi. Na usidhani wenzetu wamesalimika. Walioamini kwamba zebaki ya kwenye chanjo ndiyo chanzo waliwapeleka watoto wadungwe dawa za kuondoa madini mwilini, na mwaka 2005 mtoto wa miaka 5 alifia kwenye tiba hiyo huko Pennsylvania. Wapo pia wanaouza maji ya dawa ya kuulia madoa ya nguo wakiyaita tiba ya usonji. Mtu akikutajia chanzo, subiri sentensi ya pili. Kama ni bei, ondoka.

Utasikia pia kwamba lazima kuna sumu mpya duniani, kwa sababu Marekani walihesabu mtoto 1 kati ya 150 mwaka 2000 na sasa wanahesabu 1 kati ya 31. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni kwamba maana ya usonji ilipanuliwa, walimu na madaktari wanautambua mapema, na watoto waliokuwa wakiandikwa "mtindio wa ubongo" sasa wanaandikwa vizuri zaidi. Kumbuka mtaani ulikokulia. Alikuwepo kijana aliyeitwa bubu, au zezeta, asiyetazamana na mtu, anayejua tarehe za kuzaliwa za watu wote. Hakuna aliyemhesabu.

Je, kwa Ibra mwenyewe chanzo kinaweza kujulikana? Kwa watoto wengi hapana, hata kwenye hospitali tajiri kabisa. Lakini kuna vitu nataka viangaliwe. Masikio kwanza, kwa kipimo kamili. Kumpigia makofi mgongoni hakutoshi. Ngozi, kama ana mabaka meupe yenye umbo la jani, kwa sababu ugonjwa mmoja wa jeni huja na mabaka hayo, usonji na kifafa. Ukubwa wa kichwa chake, ukilinganishwa na namba zilizomo kwenye kadi yake ya kliniki. Kama hupatwa na vipindi vya kuduwaa au kushtuka, apimwe umeme wa ubongo. Kipimo cha jeni ni ghali, na sitakushauri uuze kitu kwa ajili yake, isipokuwa daktari akiona dalili inayoelekeza huko. Hakuna jibu la kipimo hicho ambalo litakuzuia kuanza leo kumfundisha Ibra kuomba maji kwa picha au kwa ishara. Muhimbili wapo wataalamu wa tiba ya mazungumzo na tiba kazi, na Shule ya Msingi Msimbazi Mseto hapo Ilala ina kitengo cha watoto wenye usonji. Nenda ukakione kwa macho yako kabla umri wa kuandikishwa haujafika.

Kuhusu mtoto mwingine nitakupa namba kama ilivyo. Tafiti zilizofuatilia wadogo wa watoto wenye usonji tangu wakiwa wachanga, za mwaka 2011 na tena 2024, zimekuta kama mmoja kati ya watano naye anakuwa na usonji, wavulana zaidi kuliko wasichana. Watoto hao hawakuwa wa kwetu, kwa hiyo ichukue kama mwanga, si kama kipimo cha mizani. Mmoja kati ya watano si kidogo. Wanne kati ya watano pia si kidogo. Uamuzi ni wenu wawili, si wa kikao. Mkiamua kuzaa, anza vidonge vya foliki mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Imethibitishwa kwamba vinapunguza sana hatari ya mgongo wazi, na Norway mwaka 2013 walipowatazama watoto 85,176 walikuta usonji wa aina kali ulikuwa pungufu kwa kama asilimia 40 kwa wale ambao mama zao walivitumia mapema. Si uthibitisho, lakini ni kidonge cha bei nafuu kisichodhuru. Pima sukari, lala ndani ya chandarua, na mtoto akizaliwa mtazame kwa karibu tangu miezi sita, si kwa hofu, ila ili msaada ukihitajika uanze akiwa na mwaka mmoja badala ya minne.

Sasa kikao. Usiende na makaratasi, hawatayasoma. Mwache mume wako aongee kwanza. Ndiyo maana nilitaka umsomee. Aseme: "Tumeuliza. Ibra alianza kuwa Ibra akiwa tumboni, kabla ya chanjo. Hakuna aliyemfanya hivi, si kwetu wala si kwao. Hatutamkata chochote, hatutamfukiza. Tunachoomba ni mtu wa kukaa naye asubuhi mbili kwa wiki mama yake akienda naye kwenye mazoezi, na nauli." Ndugu wakipewa kazi ya kufanya huacha kutafuta mchawi, nimeliona hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Na Ibra awepo. Mkalishe karibu na bibi yake, na vizibo vyake avipange hapo chini. Kelele zikizidi akaanza kufunika masikio, mtoe nje mapema, umwambie bibi mtu kwa nini.